Bakteria wako anaishindaje dawa ya magugu: namna ya kumhoji hadi aseme

Kila msimu wa miradi ya mwaka wa mwisho, mwanafunzi mmoja au wawili huingia maabara na sahani ya petri mkononi, uso umejaa furaha. "Mama, wameota!" Mimi ni fundi wa maabara hapa Morogoro, huu ni mwaka wangu wa 19, na jibu langu halijabadilika: weka sahani mezani, vuta kiti. Umeniletea bakteria walioota kwenye dawa ya magugu. Sasa niambie wameota kwa sababu gani.

Hapo furaha hupungua. Wengi hudhani kuota kwenyewe ndiyo matokeo, waandike "usugu" kwenye ripoti na kazi iishe. Kumbe koloni linaweza kuota juu ya dawa kwa sababu jeni yake imebadilika, au kwa sababu lilizaliwa hivyo, au kwa sababu wewe mwenyewe umelilisha kitu kinachoiua nguvu dawa. Nimewaeleza wengi kwa mdomo hadi nimechoka, nikaona niandike. Nitatumia glaifoseti, ile ambayo wakulima wengi huita Roundup hata chupa ikiwa na jina jingine kabisa, kwa sababu ndiyo inayopatikana kila duka la pembejeo na ndiyo iliyochunguzwa zaidi.

Dawa inapiga wapi

Glaifoseti haiunguzi jani. Mkulima akipuliza leo na bomba la mgongoni, magugu hukaa siku kadhaa yakiwa kijani kama hayajaguswa, halafu huanza kugeuka njano kwenye machipukizi. Yanakufa njaa. Dawa inazuia kimeng'enya kimoja kinachoitwa kwa kifupi EPSPS, ambacho mmea unakihitaji ili kutengeneza asidi amino tatu: fenilalanini, tirosini na triptofani. Steinrücken na Amrhein walilionyesha hilo mwaka 1980, wakati dawa ilikuwa sokoni tangu 1974. Mimea inacho kimeng'enya hicho, ukungu unacho, bakteria wengi wanacho. Sisi hatuna, asidi amino hizo tunazipata kwenye chakula.

Kwa bakteria, jeni inayobeba maelekezo ya kimeng'enya hicho inaitwa aroA. Mfano ninaoutumia ni wa daladala. Kuna kiti cha dirishani ambacho ni cha abiria mmoja, molekuli inayoitwa PEP. Akikaa, anaunganishwa na jirani yake shikimati-3-fosfeti na safari inaendelea. Glaifoseti anafanana na PEP kiasi cha kukaa kwenye kiti hicho, ila akishakaa hashuki na gari haliondoki.

Ukiushika mfano huo unaweza kutabiri mwenyewe bakteria atajiokoa vipi. Anaweza kukichonga kiti upya ili mgeni asikae vizuri. Anaweza kuongeza magari mengi hadi dawa ishindwe kuyajaza yote. Anaweza kumvunjavunja yule abiria, au kumbandika kitu mgongoni asienee kitini. Au konda anamzuia mlangoni, na aliyepenya anatolewa nje kwa pampu. Kazi yako yote ni kujua koloni lako linatumia lipi kati ya hayo, na jeni gani inahusika.

Chakula cha kwenye sahani

Hapa ndipo miradi mingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukimwaga glaifoseti kwenye agari ya kawaida ya maabara, ile yenye peptoni, karibu kila kitu kitaota. Peptoni imejaa asidi amino zilezile tatu. Umemfungia mtu jikoni kwake halafu umempelekea chakula kutoka hotelini. Atakufa njaa vipi? Lazima utumie chakula kikavu kisicho na asidi amino, na mimi hutumia M9. Kwa lita moja: gramu 6 za Na2HPO4 isiyo na maji, gramu 3 za KH2PO4, gramu 0.5 za NaCl, gramu 1 ya NH4Cl. Chumvi zichemshe peke yake na agari (gramu 15) peke yake, kila moja kwenye nusu ya maji, kwa sentigredi 121 dakika 15 hadi 20. Jiko la presha linalofika pauni 15 linatosha kama otoklevu, ile mashine ya mvuke ya kuua vijidudu, ina foleni. Vikishapoa hadi unaweza kushika chupa bila kuruka, changanya, kisha ongeza mililita 2 za MgSO4 ya mola 1, mililita 0.1 ya CaCl2 ya mola 1 na mililita 20 za glukosi ya asilimia 20, vyote vikiwa vimesafishwa vijidudu kila kimoja kivyake. Bakteria wa udongo wana madeko kuliko E. coli, yule bakteria wa utumbo anayefugwa maabara nyingi, kwa hiyo tia pia mchanganyiko kidogo wa madini madogomadogo, chuma hasa.

Sasa dawa yenyewe. Mara ya kwanza kuifanya kazi hii nilipima unga safi wa glaifoseti, nikautia kwenye chupa ya agari, nikapeleka otoklevu. Nikamimina sahani 40. Kesho yake asubuhi zote zilikuwa uji. Uji kabisa, wa kumnywesha mtoto. Unga wa glaifoseti ni asidi, na agari ikichemshwa ndani ya asidi inakatikakatika, haigandi tena. Nilimwaga sahani 40 huku bosi wangu wa wakati ule akiniangalia bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Fanya hivi: pima gramu 1.69 za unga, tia kwenye maji kama mililita 80, ongeza NaOH kidogokidogo huku ukipima pH hadi ifike 7. Utaona unga uliokuwa umegoma unayeyuka wenyewe. Fikisha mililita 100, pitisha kwenye kichujio cha mikromita 0.2. Hiyo ni milimola 100 kwa lita. Ukitaka sahani za milimola 5, tia mililita 50 za dawa hii katika kila lita ya chakula, na ukumbuke kupunguza maji kiasi hichohicho tangu mwanzo. Itie agari ikiwa imepoa kama nyuzi 50. Faida ya kusawazisha pH si agari tu: bakteria walioshindwa kuota kwa sababu ya uchachu wameshindwa na uchachu, usiisingizie dawa.

Kama unga safi haupatikani na huna budi kutumia ya dukani, soma lebo kwa makini. Chupa nyingi zimeandikwa gramu 480 kwa lita. Hizo gramu 480 ni za chumvi ya isopropilamini, ambayo uzito wake wa molekuli ni 228, si 169 wa glaifoseti tupu. Kwa hiyo gawanya 480 kwa 228, unapata mola 2.1. Mililita 2.4 katika lita moja ni milimola 5. Nimeona ripoti iliyogawanya kwa 169, na namba zote zilizofuata zikawa za uongo kuanzia ukurasa wa tatu.

Shida kubwa zaidi ya dawa ya dukani ni sabuni iliyomo, ile inayofanya tone litandae kwenye jani. Tikisa chupa utaona povu. Sabuni hiyo yenyewe inaumiza utando wa bakteria. Kuna kijana alinijia na E. coli waliokufa kwa milimola 1, akashangilia. Nikamwambia aongeze asidi amino tatu kwenye sahani. Wakafa vilevile. Basi hawakufa kwa kukosa asidi amino. Waliuawa na sabuni.

Na kiwango cha dawa usikipandishe sana. Glaifoseti inashika madini: magnesi, kalsi, manganizi. M9 ina milimola 2 tu za magnesi. Ukitia dawa milimola 20 bila kuongeza magnesi, huenda unapima njaa ya madini. Mimi huanza na milimola 0, 1 na 5, nikipandisha zaidi naongeza MgSO4.

Udongo, na udongo wa pili

Chukua udongo wa juu, sentimita 0 hadi 15, sehemu tano za shamba, changanya, chekecha kwa chujio la milimita 2. Gramu 10 ndani ya mililita 90 za maji ya chumvi (asilimia 0.85), tikisa nusu saa, punguza kumi kwa kumi hadi hatua ya tano, sambaza mililita 0.1 kwa kila sahani. Tia nistatini kuzuia ukungu, la sivyo siku ya nne utakuwa na bustani. Joto la nyuzi 28 hadi 30, siku tatu hadi saba. Mfuniko usifunguliwe kwa kunusa, tafadhali. Udongo wa kwetu una vijidudu vya kila namna, na "nilitaka kusikia harufu" si jambo la kumweleza daktari.

Hayo ni mepesi. Lisilofanywa na wengi ni kuchukua udongo wa pili, mahali ambapo dawa haijawahi kupulizwa. Binti mmoja alileta udongo wa shamba la mahindi linalopulizwa kila msimu. Bakteria wakaota wengi kwenye milimola 5. Akaandika kwamba dawa imezalisha usugu shambani. Nikamtuma juu, pembeni ya msitu wa Uluguru, alete udongo wa huko. Wakaota pia, na kwa wingi wa kuaibisha.

Sababu iko kwenye jeni ileile. EPSPS za bakteria ziko za namna mbili. Namna ya kwanza, kama ya E. coli na Salmonella, inanasa glaifoseti kirahisi. Namna ya pili, inayopatikana kwa Agrobacterium kadhaa, baadhi ya Pseudomonas, hata Staphylococcus aureus, kwa asili inaivumilia. Hawa hawakusubiri kiwanda chochote. Bakteria maarufu kuliko wote katika habari hii, Agrobacterium aliyepewa jina CP4, alipatikana kwenye mtambo wa kusafishia maji taka ya kiwanda cha glaifoseti huko Luling, Louisiana. EPSPS yake ni ya namna hiyo ya pili, na jeni yake ndiyo iliyotiwa kwenye soya iliyoanza kuuzwa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1996. Kwa hiyo kama huna udongo wa kulinganisha, huwezi kusema dawa imezalisha kitu. Unaweza kusema tu kwamba kipo.

Swali la kwanza: dawa imempiga panapotakiwa?

Nenda kwa mafundi sofa ukaombe vipande vya mahameli. Sicheki. Joshua na Esther Lederberg walifanya hivyo mwaka 1952 na hakuna njia ya bei nafuu zaidi hadi leo. Kata vipande vya sentimita 15 kwa 15, vifunge kwenye karatasi ya foili, vipitishe otoklevu. Tafuta kipande cha mti cha mviringo kinachoingia ndani ya sahani, kivalishe mahameli na mpira wa kubania pesa. Sahani mama iwe ya M9 isiyo na dawa kabisa, yenye makoloni kati ya 30 na 100. Chora alama ya kalamu pembeni, saa sita juu. Gandamiza sahani mama kwenye mahameli taratibu, kama unayepiga muhuri, kisha gandamiza sahani mpya moja baada ya nyingine, alama zikielekea upande mmoja: kwanza yenye dawa milimola 5, pili yenye dawa na asidi amino tatu, mwisho isiyo na dawa. Ile ya mwisho ni shahidi kwamba kitambaa bado kilikuwa na bakteria ulipofika kwake. Ikiwa tupu, zote ni bure.

Sasa soma. Koloni lililokufa kwenye dawa tupu lakini likaota penye dawa na asidi amino, hilo ni nyeti na dawa imelipiga kwenye EPSPS kama inavyotakiwa. Lililokufa kote kuwili lina tatizo jingine: sabuni, pH, madini. Lililoota kote kuwili ndilo la kuendelea nalo. Na uzuri wa mahameli ni kwamba ndugu zake wako kwenye sahani mama, hawajawahi kuonja dawa mikononi mwako. Uwezo alikuja nao.

Swali la pili: anarithisha?

Mhamishe kwenye M9 isiyo na dawa kila siku kwa siku kumi, halafu mrudishe kwenye dawa. Akiota vilevile, uwezo umeandikwa kwenye DNA yake na umekaa. Akishindwa, kuna mambo mawili ya kufuatilia. Huenda jeni ilikuwa kwenye plasmidi, ile pete ndogo ya DNA ambayo bakteria huitupa asipoihitaji. Au hapakuwa na jeni mpya yoyote. Alikuwa amewasha pampu zake tu kwa sababu ya kero.

Hili la pampu msilidharau. Mwaka 2015 watafiti waliweka E. coli na Salmonella kwenye dawa za magugu za dukani zenye 2,4-D, dikamba na glaifoseti, kwa kiasi kisichowaua. Wakati dawa ipo, uwezo wa bakteria kustahimili baadhi ya viuavijasumu ulibadilika, mara nyingine kwenda juu, mara nyingine chini, na pampu za kutolea sumu zilihusika. Pia kuna pampu iliyo mahususi zaidi: E. coli akiongezewa nakala za jeni yhhS, inayotengeneza msafirishaji wa kwenye utando, anaivumilia glaifoseti zaidi, na aroA yake haijaguswa. Ukiangalia aroA peke yake hutamwona huyo kamwe.

Swali la tatu: anaila?

Kuna bakteria ambao kwao glaifoseti ni mboga. Molekuli yake ina fosforasi iliyoshikwa na kaboni moja kwa moja, na wapo wenye vimeng'enya vya kuufungua mkono huo. Kundi la jeni zinazofanya kazi hiyo linaitwa phn; kwa E. coli ni jeni 14 zilizopangana, kuanzia phnC hadi phnP. Kwa walio na aina inayofaa, glaifoseti inabaki molekuli ndogo iitwayo sakosini. Wengine hutumia njia nyingine, ya kuikata upande wa pili ikabaki molekuli nyingine iitwayo kwa kifupi AMPA. Jeni inayojulikana zaidi ni gox, iliyotoka kwa Ochrobactrum anthropi.

Mtego uko hapa: jeni za phn huwashwa na njaa ya fosfeti. M9 uliyomimina ina takribani milimola 64 za fosfeti. Mwenye ghala limejaa mahindi hahangaiki kubangua korosho. Bakteria mla glaifoseti ukimweka kwenye M9 hataila, na kama EPSPS yake ni nyeti atakufa mbele yako na wewe utaandika kwamba hana uwezo.

Tengeneza chakula kingine, kisicho na fosfeti, pH ishikwe na MOPS, kemikali inayoizuia isiyumbe. Chupa tatu: moja bila fosforasi yoyote, moja yenye fosfeti kidogo, moja yenye glaifoseti milimola 1 tu. Anayeila ataichafua ya pili na ya tatu, ya kwanza ibaki angavu. Mhamishe mara mbili kwenye chupa mpya za namna ileile kabla ya kuamini, kwa sababu bakteria huja na akiba ya fosfeti tumboni. Mwaka fulani chupa zetu za kwanza, zile za kubaki angavu, zilichafuka zote kwa siku tatu. Tulibadili maji, tukabadili chumvi, tukagombana. Ilikuwa sabuni ya kuoshea vyombo, yenye fosfeti. Tangu hapo vyombo vya kazi hii huvilowesha usiku kucha kwenye HCl ya asilimia 10, navisuuza kwa maji yaliyotoneshwa mara tano, na nimeviwekea kabati lake. Ufunguo ninao mimi.

Akishaota kwenye chupa ya tatu, dondosha maji yake kwenye karatasi ya kromatografia, pembeni weka AMPA safi na sakosini safi, acha ipande, nyunyiza ninhidrini, pasha moto. Doa la zambarau likisimama sambamba na AMPA, mtafute gox au jamaa yake. Likikaa na sakosini, mtafute phn.

Yupo pia asiyeila ila anaiharibu. Bacillus licheniformis ana kimeng'enya kinachoibandika glaifoseti kipande cha asetili, na ikishabandikwa haikai tena kitini. Kwa asili kimeng'enya hicho ni dhaifu mno; watafiti waliochapisha mwaka 2004 waliichanganyachanganya jeni yake kizazi baada ya kizazi hadi ikapata nguvu ya kuokoa mahindi.

Kusoma jeni

Sasa ndiyo unaruhusiwa kutumia pesa. Kwanza mjue jina: PCR (njia ya kunakilisha kipande cha DNA mara nyingi) ya 16S, jeni inayotumika kuwatambua bakteria, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) 27F na 1492R, kipande cha karibu besi 1,500, upeleke wakasome mfuatano. Kwa aroA usitafute praima za kufaa wote, zitakutesa; bakteria hawa wametofautiana sana. Ukipata ufadhili soma jenomu nzima ya makoloni mawili au matatu uliyoyahoji vizuri. Ni afadhali kuliko ishirini usiyoyajua.

Panga EPSPS yake sambamba na ya E. coli uangalie sehemu chache; kila namba ni nafasi ya asidi amino moja kwenye kimeng'enya. Namba 96: E. coli ana glisini hapo. Ikiwa alanini, dawa haikai, lakini hata PEP anakaa kwa taabu, kwa hiyo bakteria analipia. CP4 ana alanini sehemu inayolingana, namba 100, ila sehemu nyingine za kiti chake zimejipanga hivi kwamba PEP hapati shida; hapo ndipo thamani yake ilipo. Namba 101: Salmonella aliyepatikana maabara na kuripotiwa mwaka 1983 alikuwa na prolini iliyogeuka serini. Badiliko la herufi moja ya DNA. Cha kufurahisha, prolini hiyohiyo, ambayo kwa mimea ni namba 106, imeonekana kugeuka serini kwenye gugu la Malaysia, Eleusine indica, ndugu wa damu wa ulezi wetu.

Usiishie kwenye herufi. Hesabu nakala za aroA, na angalia eneo la mbele yake linaloamua itengenezwe kwa wingi gani. Mchicha mwitu wa Marekani, Amaranthus palmeri, hakuchonga kiti hata kidogo. Alizidisha jeni, kutoka nakala 5 hadi zaidi ya 160. E. coli aliyepewa aroA yake mwenyewe kwenye plasmidi yenye nakala nyingi hufanya vilevile.

Jeni kuonekana kwenye kompyuta bado ni tuhuma. Ushahidi ni kuihamisha: chukua E. coli aliyeondolewa aroA, ambaye hawezi kuota kwenye M9, mpe aroA ya bakteria wako kwenye plasmidi. Akiota kwenye M9, jeni inafanya kazi. Akiota kwenye M9 yenye dawa, huku mwenzake aliyepewa aroA ya kawaida kwa plasmidi ileile akishindwa, hapo umemaliza. Huyo wa kulinganisha ni lazima, maana plasmidi peke yake imekwisha kukuongezea magari. Na kibali cha kamati ya usalama wa kibayolojia kiombwe kabla, si siku ya kutetea mradi.

Neno kuhusu atrazini

Wanaoshughulika na mashamba ya mahindi na miwa huniuliza kama njia ni ileile. Si ileile. Atrazini, dawa nyingine ya magugu, inazuia usanisinuru, na bakteria wengi wa udongo hawana usanisinuru wa kuzuiwa. Kumwita "sugu" ni kama kumsifu kipofu kwamba hasumbuliwi na taa. Wa kuitwa sugu hapo ni sianobakteria, bakteria wenye usanisinuru kama mimea, ambao badiliko kwenye jeni psbA, serini namba 264, huwaokoa. Wengine waulize tu kama wanaila.

Na hao ni raha kuwatafuta. Tia atrazini miligramu 500 kwa lita ya agari. Maji yanayeyusha kama miligramu 33 tu, kwa hiyo iliyobaki inaelea na sahani inakuwa nyeupe kama tui jepesi. Anayeivunja hujitokeza mwenyewe: koloni dogo katikati, limezungukwa na duara angavu, kama shimo kwenye barafu. Pseudomonas aitwaye ADP, aliyeelezwa mwaka 1995, huonekana hivyo. Jeni yake ya kwanza, atzA, inang'oa klorini, na iko kwenye plasmidi ya takribani besi 108,000. Plasmidi kubwa hivyo hukatika ukiipitisha kwenye pipeti kwa pupa. Kata ncha ya pipeti kwa wembe msafi iwe pana, vuta polepole. Na usimlee kwenye chakula kinono wiki nzima, ataitupa.

Ukimaliza, sahani zote otoklevu kabla ya jaa, hata zilizokuwa tupu. Uliowachagua wahifadhi kwenye gliseroli asilimia 20, vichupa vitatu kila mmoja, friza mbili tofauti, kwa sababu umeme wetu mnaujua. Majina yaandike kwa penseli kwenye plasta ya karatasi. Kalamu ya wino hufutika na spiriti. Nina sanduku zima la vichupa kule chini, vyeupe pee, na hakuna anayejua ni vya nani.